Kicheko Nyuma ya Plaiwudi

Kicheko kilinifikia kabla sijamaliza kuandika namba ya tatu ubaoni. Kilianza na sauti moja nyembamba, zikafuata kumi, kisha chumba cha pili kizima kikalipuka, na plaiwudi iliyotutenganisha ikatetemeka hadi chaki zikaruka kwenye kibao chake. Halafu makofi. Halafu mlio wa dhumna zikipigwa sakafuni, na mtu akipaza sauti: "Mwongo huyo! Hesabu tena!" Wakacheka upya.

Niligeuka. Mbele yangu kulikuwa na vichwa kumi na saba.

"Nipeni karatasi ya mahudhurio," nikasema.

Ikaletwa. Ilikuwa na saini arobaini na moja, nyingine zimepambwa kwa mikia mirefu kama za mawaziri.

"Dasril yuko wapi?"

"Chooni, Pak."

"Anasrul?"

"Chooni, Pak."

"Watu ishirini na wanne wako chooni?"

Msichana mmoja wa mstari wa pili akainamisha kichwa. "Kuna foleni, Pak."

Kumi na saba wangu wakacheka kidogo, kwa adabu. Walicheka kama watu walioazima kicheko cha jirani na wanaogopa kukichafua.

Kila mtu pale alijua walipo hao ishirini na wanne. Kwetu Padang, mwanafunzi asiyemtilia rafiki yake saini si rafiki, kwa hiyo sikushangaa kudanganywa. Kilichoniuma ni kwamba hawakutoroka kwenda kunywa chai ya yai wala kulala. Walitoroka darasa langu la takwimu kwenda kusoma takwimu. Somo lilikuwa lile lile, saa ile ile, kurasa zile zile, ila upande wa pili wa ubao wa plaiwudi, kwa Welfizar.

Wivu nilionao sitauficha. Mimi na Welfizar tuliingia chuoni siku moja, wote wahadhiri wa mkataba, na tumepishana miezi minne tu kuzaliwa. Lakini yeye wanafunzi wanamwita Uda, kaka. Mimi wananiita Pak, baba. Nina miaka ishirini na saba, sina mke, sina hata mvi moja, na vijana wa miaka kumi na tisa wananiita baba huku wakimwita yule kaka! Kila nikisikia "Uda Wel, Uda Wel" kwenye korido, nasikia kama mtu anasugua sufuria kwa mchanga. Mimi mwenyewe sijawahi kumwita hivyo, ingawa kwa miezi ile minne anastahili. Namwita Wel, kavu.

Na nilikuwa na kitu ambacho yeye hana. Mimi ni mtu wa pantun, yale mashairi ya mistari minne, miwili ya kupiga chenga na miwili ya kusema ukweli. Sikufundishwa na mtu. Nilijifunza nikiwa mtoto sokoni Padang Panjang, nikichambua pilipili za mama na kusikiliza redio ya jirani ikipiga kanda za harusi. Mistari mibovu niliitupa, mizuri nikaikaza hadi ikawa yangu. Leo nitajie kitu chochote, bei ya pilipili au mguu wa bata, nami nitakutungia papo hapo. Welfizar akijaribu pantun vina vyake vinakimbizana kama kuku.

Ndiyo maana nilikuwa na mkebe. Ulikuwa mkebe wa biskuti, wa bati, nimetoboa mfuniko. Mwisho wa kila kipindi kila mwanafunzi alitumbukiza kikaratasi chenye swali, bila jina. Kipindi kilichofuata nilianza kwa kuchomoa swali na kulijibu kwa pantun, kisha naeleza. Kuna aliyeuliza kwa nini wastani unaweza kudanganya. Nikamjibu:

*Mpunga umeinama,*
*ndege wausogelea;*
*tajiri akisimama*
*wastani hupotea.*

Kisha nikachora wakulima tisa maskini na tajiri mmoja, nikawaonyesha jinsi huyo mmoja anavyowafanya wote waonekane wana mali. Wasichana waliandika haraka haraka kwenye daftari zao. Nilidhani wananakili shairi kwa uzuri wake.

Jumatatu ya wiki ile Bu Asnimar, mkuu wa idara yetu, alikuwa ametuita sote wawili ofisini kwake. Tunamwita Bu, mama; ni mfupi, mwenye miwani ya kamba, na hazungushi maneno.

"Mwakani nina nafasi ya mtu mmoja mwaka wa kwanza, si wawili," alisema. "Jumatano ya wiki hii nitakaa darasani kwa Zulfahmi, Jumatano ijayo kwa Welfizar. Sitaki mapambo. Nataka kuona watoto wanajifunza wapi. Anayewafundisha kweli anabaki na darasa. Mwingine atarudi kusahihisha mitihani ya wenzake."

Nilishawahi kufanya kazi hiyo ya kusahihisha miaka miwili. Unakaa chumba kisicho na dirisha na kalamu nyekundu, na hakuna anayejua jina lako. Nilitoka ofisini kwa Bu Asnimar bila kumngoja Welfizar.

Welfizar akanishika bega. "Usininunie, Zul. Twende tule mboga za pical, tupange. Mimi nikuonyeshe ninavyofanya, wewe unionyeshe unavyofanya."

"Mimi sina cha kuonyeshwa."

"Duh! Makali hayo. Umekula pilipili ngapi leo?"

"Wewe cheka tu, Wel. Kazi yako ni kucheka."

Akacheka kweli. Hilo ndilo baya lake, hakasiriki.

Lakini kipindi kilichofuata nilikwenda kuchungulia. Niliwapa kumi na saba wangu zoezi, nikatoka kama mtu anayefuata chaki, nikasimama kwenye dirisha la korido lenye vioo vya kuinama. Viti vyote alikuwa amevirundika nyuma. Mikeka imetandikwa. Birika la kahawa katikati, sahani ya ndizi za kukaanga, na wanaume wamekaa duara, miguu wameikunja, kama wako lapau, kile kibanda cha kahawa ambamo wanaume wa kila kijiji chetu hushinda wakibishana. Dasril wangu alikuwa ameshika dhumna juu, akidai uwezekano wa kuchomoa mbili zenye sita ni mkubwa, na wenzake wakimzomea. "Thibitisha, we kichwa cha nazi!" Naye akathibitisha, kwa kidole kwenye vumbi la sakafu, na akapatia. Huyo ni Dasril ambaye kwangu alikuwa hajui hata kugawanya.

Niliuona ule uso wake unavyong'aa. Ningempa Welfizar pantun zangu zote nipate uso kama ule uniangalie mimi. Kisha nikajichukia kwa kuwaza hivyo, kisha nikamchukia yeye.

Siku ile ile nikaamua. Kama ni kibanda wanachotaka, nitawapa kibanda, na changu kitakuwa na mashairi juu yake. Niliazima mikeka sita msikitini. Nikanunua dhumna mpya, nikaazima birika kubwa kuliko la Welfizar. Kwenye mlango nikabandika tangazo: asiyekuwepo Jumatano kwa mwili wake, saini zake zote za muhula zinafutwa. Mkebe nikauweka juu ya kabati. Nani huandika vikaratasi kibandani? Kibandani mtu husema.

Jumatano wakaja wote arobaini na moja. Bu Asnimar akakaa kwenye kiti kimoja nilichomwachia kwenye kona, daftari magotini. Wale ishirini na wanne wakavamia mikeka kama wako kwao, Dasril mbele kabisa, mkono tayari kwenye birika. Kumi na saba wangu walisitasita. Wasichana wakarudi nyuma, wakakaa wameegemea ukuta, magoti wameyakusanya chini ya sketi, daftari wamezifunga.

Na Hafrizal akabaki mlangoni.

Huyu Hafrizal alikuwa mmoja wa kumi na saba, kijana mwembamba kutoka Solok, anayekaa siku zote kiti cha karibu na mlango. Hakuwahi kunyoosha mkono. Lakini majaribio yake yalirudi bila doa. Alisimama na mkoba kifuani, akatazama duara, akatazama chini.

"Ingia, Hafrizal. Kaa."

"Nitasimama hapa, Pak."

"Kibandani hakuna kusimama. Kaa pale, karibu na Dasril, pana nafasi."

Hakusogea. Uso ulikuwa umemwiva. Nilihisi macho ya Bu Asnimar shingoni, nikasikia kalamu yake, na upande wa pili wa plaiwudi, wakati ule ule, wakacheka. Damu ikanipanda. Nikataka kicheko changu, sasa hivi, kikubwa kuliko kile. Nikafungua mikono nikasema kwa sauti ya harusini:

*Nyati yuko matopeni,*
*jembe linamngojea;*
*bwana yuko mlangoni,*
*nani atampokea?*

Kwetu bwana harusi hajipeleki. Hufuatwa kwao na watu wa mke, akachukuliwa kwa heshima, na kabla ya hapo husimama mlangoni hivyo hivyo, amejipamba, anangoja. Ulikuwa utani mzuri. Vina vilikaa sawasawa. Nilingoja kicheko.

Hakuna aliyecheka. Dasril aliweka kikombe chini polepole, kama kimemwunguza. Akainuka, hakunitazama, hakumtazama Hafrizal, akatoka kwa mlango wa nyuma. Hafrizal naye akatoka kwa ule wa mbele. Nilisikia viatu vyake vikishuka ngazi, haraka, kisha mbio. Kipindi kilichobaki nilicheza dhumna na watu ambao hawakuthubutu kuniambia nakosea wapi. Wasichana hawakufungua midomo.

Bu Asnimar alinisubiri kwenye korido.

"Unajua Dasril ni nani kwa Hafrizal?"

"Wanatoka kijiji kimoja, Bu."

"Ni mjomba wake. Mdogo wa mwisho wa mama yake. Mjomba mwenyewe ana miaka kumi na tisa, mpwa ana ishirini."

Nikageuka kutazama ngazi alizoshukia Hafrizal.

"Umezaliwa wapi wewe, Zulfahmi? Mpwa anakaa kibanda kimoja na mjomba wake, wanataniana? Hata akipita njiani akamwona mjomba wake ndani, si anaendelea na safari? Na wewe ukamwimbia ya harusi mbele ya yule yule ambaye kesho ndiye atakayemwozesha!"

"Sikujua, Bu. Wallahi sikujua."

"Hukujua kwa sababu hukuwatazama. Ulikuwa unatazama ukuta." Akaonyesha plaiwudi kwa kalamu. "Jumatano ijayo nitaanzia kwako, dakika ishirini, kabla ya kwenda kwa Welfizar. Kiti cha mlangoni kikiwa kitupu, usihangaike kufundisha."

Siku mbili nilijifanya nina hasira na dunia. Jumamosi mchana nikaenda. Hafrizal alipanga chumba nyuma ya duka la nyavu, nyumba ya mabati yenye vyumba vinne, na mvua ya Padang ilikuwa imekwisha kuanza kabla sijafika kizingitini. Alikuwa amechuchumaa jikoni anamenya vitunguu. Aliponiona akataka kusimama.

"Kaa, kaa," nikasema, nikachuchumaa mbele yake. Nikachukua kitunguu na kisu. Nilikuwa nimetunga pantun ya kuomba radhi, nzuri sana, niliirudia njia nzima. Nilipomtazama machoni nikaona aibu kuitoa. "Nimekukosea," nikasema tu. "Na mjomba wako nimemkosea."

"Ameshakusamehe, Pak. Yeye hana hasira, ana haya. Tangu Jumatano akila mimi natoka, nikila yeye anatoka. Chumba chake hicho hapo." Akanong'ona, akaonyesha mlango wa pili kwa kitunguu. "Mimi kozi nimeiacha. Nimeshamwambia mama."

"Usiache."

"Nitakaa wapi? Kwa Uda Wel kuna mjomba. Na kwako sasa kuna mjomba."

"Viti vimerudi. Mikeka nimeipeleka msikitini."

Akaendelea kumenya. Kichwa changu, badala ya kumhurumia, kilikuwa na swali moja, na nikashindwa kulizuia.

"Hafrizal. Wenzako walipokwenda kule, wewe ulibaki. Kwa nini? Kwa ajili ya mashairi?"

Akafikiri. "Mashairi ni mazuri, Pak." Akafikiri tena. "Mengine."

Kitunguu kikanipa kisingizio cha kufuta macho.

"Ni mkebe," akasema. "Kwenye mkebe hakuna mjomba wala mpwa. Naandika swali langu, hakuna anayejua ni langu. Umewahi kuwahesabu waliobaki, Pak?"

"Kumi na saba."

"Ni akina nani?"

Nikaendelea kumenya kitunguu changu. Wale ishirini na wanne niliweza kuwataja hata usingizini, kwa mpangilio wa herufi. Kumi na saba niliwajua kama idadi tu.

"Wasichana kumi na wanne," Hafrizal akasema. "Msichana gani anakaa kibandani na wanaume, wanatupiana maneno, halafu kesho kijiji chake kisisikie? Ramzil mwenye kigugumizi. Fatolosa, mtu wa kisiwa cha Nias, ambaye utani wetu unampita juu. Na mimi. Lile swali la wastani unaodanganya lilikuwa la Fatolosa."

Mvua ikazidi. Nilikaa nimeshika kitunguu kilichomenywa hadi hakina kitu. Kumbe nilikuwa na darasa. Nilikuwa nalo muda wote, na nililipandisha juu ya kabati kwa mikono yangu mwenyewe ili nipate birika.

Halafu, Mungu anisamehe, wivu ukaamka upya na sura nyingine. Nikaona Jumatano ijayo kama nimeishika mkononi: Bu Asnimar anaingia kwangu, mkebe uko mezani, Ramzil na Fatolosa na wasichana wote kumi na wanne wanauliza kwa karatasi na kujibu kwa hesabu. Kisha anaingia kwa Welfizar, anawaona wanaume wanapiga kelele, na nyuma yao ukuta wa wasichana wasiosema. Yeye ndiye atakayeshika kalamu nyekundu.

"Rudi Jumatano," nikasema, na sauti yangu ilikuwa na njaa. "Mkebe utakuwepo. Tutawaonyesha."

Akaacha kumenya. "Nitarudi. Ila nina ombi."

"Lolote."

"Dada yangu Mislinda yuko kwenye orodha ya Uda Wel. Yeye na wasichana wengine tisa. Wanakaa ukutani tangu Agosti. Wengine wakicheka na wao wanacheka. Jaribio la kwanza alipata mbili kati ya kumi, akalia hapa hapa ulipochuchumaa."

"Mwambie aje kwangu! Si wenzake wanavuka?"

"Mislinda hawezi kuiba saini, Pak." Akanitazama moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Mpe Uda Wel mkebe. Mwonyeshe unavyotumika. Kabla ya Jumatano."

Nilicheka. Kilitoka kicheko kibaya. "Unajua unachoniomba? Unajua Jumatano ni nini kwangu?"

"Najua. Chuo kizima kinajua."

"Akiwa na kibanda chake, na mkebe wangu juu yake, mimi nitabaki na nini?"

"Sijui, Pak," akasema kwa upole. "Mashairi."

Ningeweza kuondoka. Nilisimama hata. Nilimwona Welfizar akifungua mfuniko wangu kwa vidole vyake visafi, akisema kwa ule uchangamfu wake "Zul, hii ni akili kubwa," na akiimaanisha, na hilo la kuimaanisha ndilo lingeniua. Kisha nikaona ule mlango wa pili. Ulikuwa wazi kidogo, upana wa kidole, na nyuma yake mtu amesimama amekata pumzi.

Nikajibu kitu, kooni.

"Sikusikia, Pak. Mvua."

Nikashika fremu ya mlango. Bati lilikuwa linaunguruma kama uwanja wa mpira, ikabidi nitoe sauti yote niliyonayo, ile ya harusini, ili mpwa asikie mbele yangu na mjomba asikie nyuma ya mlango wake:

"Jumatatu asubuhi, kabla sijanywa hata chai, nitampelekea Uda Wel mkebe, nami nitamwonyesha kila kitu, hata namna ya kukunja karatasi. Nakuahidi, Hafrizal."